Bendera, Adolphine na Mashini ya Kutembea

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5 mwezi wa munane

Aimée! Wewe mutoto wa namna gani? Pasaka uliyoahidi kuja imepita. Mvua imepita. Sasa vumbi la kiangazi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na wewe uko Kinshasa unanitumia mioyo myekundu kwenye simu. Mioyo hiyo nitaipika na sombe? Mimi tate yako, mama ya mama yako, masomo sikuyapata. Herufi hizi nilizipata uzeeni, kwa masista, nyuma ya kanisa. Basi usicheke mistari inayopanda na kushuka. Kasha, mutaa wetu wa mulimani, nao unapanda na kushuka, na watu wanaishi. Naandika, naficha chini ya matela ya kitanda. Utasoma siku utakapokumbuka njia.

Leo nina hasira. Mukutano wa bamaman wa paroisse, parokia yetu. Maman Eulalie, présidente wetu, alisimama, akakohoa, akatangaza: mwaka huu, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe 15, bendera yetu itabebwa na watu wawili. Mimi kutoka barabara kubwa mpaka shuleni. Adolphine kutoka shuleni mpaka kanisani. Atakayeweka muti wa bendera chini apumzike, bendera imemutoka. Mwenzake ataibeba miaka yote.

Bendera ile! Aliyeishona ni mama yako, Carine wangu, mwaka aliougua. Vazi la Bikira, lile la buluu, alilimalizia kitandani, mimi nikimushikia taa. Halafu Adolphine aishike? Nikiwa hai? Eti!

Ni kweli mwaka jana nilipumzika kidogo. Kidogo tu. Kwenye ukuta wa Gracien, jirani yetu wa njiani. Na mbele ya kinu cha kusaga. Na kwenye jiwe. Adolphine akaninyang'anya muti mukononi, eti ananisaidia, kisha akazunguka kuambia watu kwamba nilipumua kama mbuzi anayeona kisu. Jirani yangu huyo, mulango kwa mulango! Watoto wake wawili, ni mikono yangu iliyowapokea wakizaliwa!

Nitajizoeza. Lakini barabarani hapana. Muzee kama mimi apande na kushuka bila muzigo, watasema nimelogwa. Na Adolphine anakaa mulangoni tangu asubuhi akichagua maharagi yasiyokwisha. Ataniona. Nitajizoeza ndani, mulango umefungwa. Iko mashini, wanaiita tapi. Mutu anatembea, nyumba inabaki pale pale. Niliiona kwenye televisheni ya Eulalie.

Siku ya tatu, tarehe 7

Nilienda Nyalukemba, kwa matajiri, kwenye magazini, duka la vioo. Muuzaji anaitwa Hugues, amevaa karavati shingoni kwenye joto hili. Kwanza aliniuliza kama nimekuja kutafuta kazi ya kupangusa. Nikamwambia nimekuja kupangusa mudomo wake. Akaniheshimu.

Akaniuliza kilo zangu. Kilo zangu! Mume wangu alikufa bila kuziuliza. Kisha akataja bei. Nikamuuliza kama ndani ya mashini iko mutu atakayetembea kwa nafasi yangu. Alicheka, musenzi yule.

Kurudi, motard, mwenye pikipiki, alitaka kunibananisha na maman mwingine na godoro lake. Nikamufukuza. Nikapanda mpaka Kasha kwa miguu, nikimutukana njia nzima, yeye ameshaondoka zamani. Magoti yanalia. Nilikaa kwenye ukuta wa Gracien mpaka kuku wakanizoea.

Bado siku chache na sina mashini!

Siku ya ine, tarehe 8

Chini, kwenye barabara kubwa, Ulrich anauza vitu vilivyotumika Ulaya. Frigo, vitanda, viti vya muganga wa meno. Anazo tapi tatu. Nikashuka. Nikaona siwezi kuchagua peke yangu, nikapanda tena kumuita shemeji yangu Barthélemy, aliyekuja kutoka Nyangezi kunisalimia. Barthélemy amechagulia watu ng'ombe maisha yake yote. Ng'ombe hajawahi kumudanganya. Tukashuka pamoja.

Ulrich akawasha groupe, mashini ya umeme. Tapi ya kwanza ikanguruma. Barthélemy akasema hiyo iko na hasira tumboni, itakuangusha. Ya pili ikatetemeka. Akasema miguu imeshaugua, hata bure usikubali. Ya tatu ikatembea polepole, kimya, kama ng'ombe mwenye mimba. Akainua waya wake kama mukia, akaangalia chini. Akaupiga mugongo kofi. Akasema hii ni mupole, itazeeka nawe.

Ulrich, muaminifu kidogo, akasema hiyo vibonye vyake vimekufa. Inajua mwendo mumoja tu, huo huo wa polepole. Barthélemy akamujibu kwamba ng'ombe wa mwendo mumoja ndiye anayefika nyumbani.

Nikaichukua. Zamu yangu ya likelemba, pesa tunazochangiana bamaman, imeishia pale. Usiniulize.

Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, tarehe 10

Aibu! Aibu kubwa! Nisipoandika nitapasuka.

Nilipanga vizuri. Wanaume wane wataibeba tapi kutoka kwa Ulrich. Watapita asubuhi, wakati Adolphine yuko sokoni. Na ili mutu yeyote asijue ni kitu gani, niliifunika na shuka langu jeupe, lile la wageni. Nikafunga na kamba. Nikatembea nyuma yao na kitambaa changu kichwani, kimya, mikono kifuani, ili watu wasiniulize maneno.

Aimée, fikiri. Kitu kirefu. Shuka jeupe. Wanaume wane. Muzee nyuma yake, kichwa chini.

Kwenye kinu, mwanaume mumoja wa njiani akavua kofia. Mwingine akafanya ishara ya musalaba. Mbele ya Gracien, mwanamuke mumoja akaanza kulia kwa sauti, hata simujui! Nikamwambia anyamaze. Akasema nishikwe, nimechanganyikiwa na uchungu. Wakatushika watu kumi, wakatushika ishirini. Korali ya vijana ikatoka kwenye mazoezi, ikaanza wimbo wa kusindikiza. Nikipaza sauti kwamba si maiti, wanasema masikini, anakataa, iko hivyo siku ya kwanza.

Na Adolphine hakuwa sokoni. Aliacha maharagi yake, akaja mbio bila viatu, akaniangukia shingoni akilia machozi ya kweli. Akauliza ni nani. Kama ni Aimée. Kama ni wewe! Nikamupiga kofi la mukono, nikamwambia funga mudomo huo, Aimée iko muzima, tena ni mukaidi. Nikang'oa shuka mwenyewe, pale barabarani.

Kisha kicheko. Kicheko mpaka ng'ambo ya mulima, Mungu wangu!

Lakini watu wa kilio hawarudishwi bila kitu. Wakaingia kwangu wote. Na kwa sababu maiti imekuwa kitu kipya, Gracien akasema basi tunyweshe mashini, tukunywe kwa jina lake, kitu kipya kisichonyweshewa kinaharibika. Nani atapinga? Kasiksi, pombe ya ndizi, nilikuwa nayo dumu dogo. Nikashuka chini kununua ingine. Nikapanda. Ikaisha. Nikashuka tena. Dumu kichwani, vumbi machoni, ninatukana kila mutu aliyezaliwa Bagira hii yetu.

Adolphine ndiye aliyepanda mashini wa kwanza. Wa kwanza! Umeme ulikuwa umekuja, nyota ya huyo mwanamuke. Alitembea kama malkia, glasi mukononi, akasema inamupendeza.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 12

Hawatoki. Tangu jana, umeme ukija tu, wako mulangoni. Gracien analeta kiti chake kusubiri zamu. Eulalie, présidente muzima, alitembea na rozari, akamaliza mafumbo yote, akasema ni neema. Wageni wakiwa kwako utawanyima maji? Bomba letu limekauka, basi nashuka kwenye chemchemi. Napanda. Nashuka. Nikirudi, Adolphine iko juu ya mashini yangu, anakula muhogo wangu, miguu inaenda polepole kama anasindikiza askofu.

Nilimwambia ashuke, ni zamu ya mwenyewe. Akasema maman, nimalizie kidogo, tarehe 15 iko karibu, hutaki nianguke na bendera. Mbele ya watu! Akaniuliza tena kama huu muhogo hauna pilipili.

Nilimupa pilipili. Amekonda huyo tangu mume wake aende Shabunda kwenye dhahabu bila kurudi. Nilimuongezea na samaki. Lakini nina hasira naye, andika hivyo kichwani mwako.

Mimi mwenye mashini sijaweka hata kidole cha muguu. Nitashindwa! Mama yako ataniangalia kutoka juu akisema mama, ulikuwa wapi?

Siku ya tatu, tarehe 14

Leo nilifunga mulango na ufunguo. Nikavaa viatu vyako vya michezo ulivyoacha. Nikasema Salamu Maria. Nikapanda. Muguu wa kushoto, muguu wa kulia. Tapi ikasogea.

Umeme ukakatika.

Délestage, umeme wa zamu! Mara nyumba zetu, mara zao. Nikatazama dirishani: chini, kwa upande wa barabara, taa zinawaka mchana kama wajinga. Nikashuka mpaka kwenye kibanda cha wale wa umeme. Mutu wao akasema kiangazi, maji ni kidogo, turudi kesho. Nikamuuliza Bikira aahirishe kupalizwa mpaka kesho kutwa kwa kumungojea yeye? Nikapanda. Nikakumbuka neno lingine nililopaswa kumwambia. Nikashuka nikamwambia. Akajificha nyuma ya meza. Nikapanda tena, nikimueleza Gracien mambo yote tangu chini mpaka juu. Gracien ndiye aliyeomba tupumzike kwenye ukuta wake. Wanaume wa siku hizi!

Kwa hiyo kesho ninaenda bila mazoezi. Hatua mbili tu za mashini. Nimelia kidogo. Nimekasirika sana.

Siku ya ine, tarehe 15, siku ya Bikira

Naandika mbio, sijachoka.

Niliinua bendera kwenye barabara kubwa. Upepo wa ziwa ukaishika, vazi la buluu likafunguka. Nikamwambia Carine twende. Nikapita kinu. Nikapita jiwe. Nikapita Gracien amesimama na familia yake. Nilikuwa naimba, Aimée! Na kuimba sauti ya juu! Wakati korali inavuta pumzi, mimi nimeshaanza beti. Shuleni nikamukabidhi Adolphine muti. Vidole vyangu havikutaka kuachia. Nikavifungua kimoja kimoja.

Akaanza vizuri, kichwa juu, polepole. Mwendo wa mashini. Lakini pale juu ya shule njia inasimama kama ukuta, unapajua. Akaenda. Akapungua. Nikasikia pumzi yake. Muti ukaanza kuinama. Kona ya bendera ikashuka, ikashuka, karibu na vumbi. Vazi la mama yako!

Nilipaswa kufurahi. Akiweka chini, imekwisha, ni yangu. Watu wote wanaangalia. Eulalie anaangalia.

Lakini ikiwekwa chini ni kwenye vumbi. Hapana. Nikarukia muti kwa mukono wa kulia, na kwa wa kushoto nikamushika Adolphine kiuno, nikawavuta wote wawili mulimani. Nikimutukana sikioni njia yote. Nilimwambia pumua, wewe mwanamuke, watoto niliokupokelea hawakulia hivyo. Akacheka, akalia, akatembea. Tukafika kanisani bendera iko juu.

Eulalie akasema mbele ya wote kwamba muti haukugusa chini, na aliyeushika wa mwisho ni mimi. Bendera ni yangu. Adolphine akapiga vigelegele wa kwanza. Muongo yule! Nikamukumbatia mpaka kitambaa kikamutoka.

Siku ya tano, tarehe 16

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Nimeelewa yote.

Ni mashini! Adolphine alitembea juu yake, Eulalie alitembea, Gracien alitembea. Nguvu zao zote zimebaki wapi? Nyumbani mwangu. Ng'ombe akizalia kwako, ndama ni wako. Barthélemy anasema ni hivyo kabisa. Nguvu inabaki kwa mwenye mashini. Ndiyo maana wao walichoka na mimi niliimba.

Na sasa Adolphine anajua. Asubuhi, kutoka huku juu, nilimuona kwa Ulrich akipiga kofi mugongo wa ile inayonguruma! Atanunua yake, nguvu zitabaki kwake, na mwaka ujao nitafanya nini? Nilishuka mbio, nikamubana Ulrich. Akaniambia siri: huko Ulaya iko tapi ya juu zaidi. Ukibonyeza, inajiinua mbele, inasimama kama mulima. Mutu anapanda mulima ndani ya nyumba yake! Nilipanda kurudi kwangu bila kugusa ukuta wa mutu, nikiiwaza tu.

Basi, Aimée, sikia vizuri. Utakapokuja, usiniletee vitenge wala mioyo. Uniletee ile ya mulima. Uje siku ambayo umeme iko. Usipitie mbele ya Adolphine, pitia nyuma, kwenye shamba la ndizi. Na mimi nitakungojea chini, kwenye barabara kubwa: nyinyi watu wa Kinshasa hamujui kupanda, nitakubebea mashini mwenyewe.