Injini Iliyokaa Mahali pa Kochi

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Injini imefika! Silinda nne, imetumika kidogo tu. Hayo ni maneno ya muuza vyuma chakavu, ambaye hakunitazama usoni alipokuwa akiyasema. Tumebadilishana: yeye kachukua kochi letu la watu watatu, mimi nimechukua injini. Wanaume wanne wameibeba mpaka sebuleni, wakaitua palepale lilipokuwa kochi. Inapendeza.

Mke wangu alikuwa chumba cha pili kwenye cherehani, ana magauni sita ya wateja. Akatoka. Akatazama injini, akatazama ukuta, akauliza wageni watakaa wapi. Nikasema mgeni mwenye adabu husimama. Hakucheka. Akainama, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akasema injini hii imeingiwa maji. Nikamweleza kwa upole kwamba maji ni mambo ya rejeta. Amekulia gereji ya baba yake, kwa hiyo harufu anazijua. Kujua injini ni jambo jingine.

Niandike nisije nikasahau. Lile gari jekundu la michezo lililoko uani chini ya turubai, viti viwili, paa hakuna, injini hakuna, ni la baba mkwe. Fundi mstaafu. Macho yamefifia, masikio bado wembe. Amesema atakuja Jumamosi ijayo kulisikiliza. Likiunguruma, linabaki nyumba hii (yaani langu). Lisipounguruma, linakwenda kwa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, muuza maua, tunayemwita Bwana Waridi. Anataka kulijaza udongo apande maua juu ya viti. Juu ya viti!

Siku saba za likizo. Zinatosha na kubaki.

Jumapili, tarehe 3 Machi

Nimefungua kila kitu. Kufungua ni rahisi ajabu. Sijui mafundi wanalalamikia nini.

Mbinu: kila kifaa nimekiwekea karatasi ndogo yenye jina lake na mahali kilipotoka. Karatasi themanini na mbili. Nikazipanga sakafuni kama darasa. Nikaona joto, nikawasha feni.

Saa nzima nimekusanya karatasi chini ya kabati. Sasa nina karatasi iliyoandikwa “pistoni ya pili” na sijui pistoni ya pili ni ipi. Zote nne zinafanana! Aliyezitengeneza hakufikiria watu.

Mke wangu alipita na chai, akaruka vyuma kimoja kimoja, akasema pistoni zimechongwa namba kichwani. Nikamwambia hizo ni namba za kiwandani, hazituhusu.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Bwana Waridi amekuja asubuhi na futi ya kupimia. Kapima buti la gari. Kapima viti. Kaandika kwenye kidaftari. Akaniuliza kwa sauti ya huruma kama injini inaendelea vizuri, huku akitazama sebuleni kwangu kupitia dirishani.

Nikamwambia gari halifai kwa maua, lina nyuki. Uongo mtupu, lakini nilijivunia. Akafurahi! Akasema nyuki ndio hasa anaowatafuta, maua yake yanawahitaji, akaniomba nisiwasumbue hadi Jumamosi.

Amenichanganya kabisa. Nimejikuta ninamwahidi nyuki.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda duka la vipuri kutafuta ringi za pistoni. Mwenye duka ni mama mmoja mpana mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Akauliza saizi. Nikasema za kawaida. Akauliza silinda zimechongwa au hazijachongwa, ringi za standadi au kubwa zaidi. Nikasema mimi kwa shati huvaa kubwa. Akabadilisha miwani ili anione vizuri. Akaniambia nirudi nyumbani nikamuulize anayejua.

Anayejua ni mimi! Nikarudi.

Nyumbani, maajabu. Pistoni zote zimesafishwa zinang'aa, zimepangwa moja hadi nne juu ya kitambaa. Sikuziacha hivyo. Nimemuuliza mke wangu nani kaingia. Akasema, macho kwenye pindo la gauni, hajaona mgeni yeyote. Basi ni Bwana Waridi. Anahujumu! Kwa nini anahujumu kwa kusafisha, bado sijaelewa. Ndiyo maana ni hatari.

Mtego: nimemwaga unga mlangoni nipate nyayo. Nikaenda kujilaza kidogo, nikaota mtu anasugua sufuria, kwaru, kwaru, kwaru. Nilipoamka kulikuwa na nyayo. Nimezifuata kwa makini kupitia korido, zikanifikisha kitandani kwangu.

Ni zangu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku nzito. Naandika taratibu.

Leo sikufanya lolote. Asubuhi nilikaa kwa kinyozi nikieleza watu jinsi injini inavyofanya kazi. Mchana nililala. Nilipoamka saa kumi, valvu zilikuwa zimesagwa zikakaa sawa, krenki iko mahali pake, pistoni zimo ndani na ringi mpya zisizojulikana zilikotoka. Mke wangu alikuwa jikoni akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Kasema kitunguu kinanuka.

Bwana Waridi yuko safarini tangu alfajiri, anafuata miche. Basi ni nani?

Nikajitazama vidole. Vina grisi. Unga mlangoni, nyayo zangu. Grisi, vidole vyangu.

Ni mimi! Ninaifunga injini nikiwa usingizini! Kichwa kimekataa, mikono imejua. Sikuwa na habari kuwa nina kipaji cha namna hii. Nimemweleza mke wangu. Akanitazama muda mrefu, uzi mdomoni. Kisha akasema kama ndivyo ilivyo, nisiache kulala.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimelala mara tatu. Saa nne, saa saba, saa tisa. Kazi ngumu, mgongo unauma. Mke wangu ananisaidia sana: anafunga pazia, anawaambia wateja wapige hodi polepole, mchana kaniletea mto wa pili.

Matokeo: silinda hedi imefungwa. Gasketi mpya. Kabureta inang'aa. Nimeikagua na kujipongeza, ingawa nimeshindwa kuelewa baadhi ya mambo niliyoyafanya.

Kitu kimoja kinanitatiza. Mafuta ya cherehani yamekwisha, chupa nzima. Nimemuuliza mke wangu. Kasema cherehani ilikuwa na kiu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Wale wanaume wanne wamerudi kuibeba injini hadi uani na kuiteremsha garini kwa minyororo. Mimi niliongoza. Nilisema kushoto, ikaenda kulia. Mke wangu akasema kwa sauti ndogo kulia, ikaenda kulia. Mwishowe waliniomba nikalinde geti.

Bwana Waridi kaleta magunia matatu ya udongo, kayapanga ukutani karibu na gari. Kaniuliza nyuki wako wapi. Nikasema wamelala.

Jioni, kabla jua halijazama, nikafanya ukaguzi wa mwisho. Ni vizuri nilifanya! Nyaya za plagi zilikuwa zimefungwa ovyo: moja, tatu, nne, mbili. Hata mtoto wa chekechea angeona kosa. Bila shaka nilizifunga usingizi ulipokuwa mzito. Nimezirekebisha: moja, mbili, tatu, nne. Safi. Sikumwambia mtu. Kuna mambo ambayo mtu hufanya kimya kimya.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Baba mkwe kafika saa nne, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi. Shemeji yangu, mke wa Bwana Waridi, kamshika mkono. Bwana Waridi kaja na koleo. Wamesimama wote uani. Mzee akapapasa boneti, akapapasa usukani. Nikaketi kwenye usukani, nikawasha.

Mlipuko! Kisha mwingine! Moshi mweusi, kuku wa jirani wamevuka ukuta, shemeji kajificha nyuma ya udongo. Injini ikatikisika kama yenye degedege, ikazima. Bwana Waridi akashika koleo kwa mikono miwili. Nilijaribu tena. Mlipuko wa tatu ndio ulikuwa mkubwa.

Mzee peke yake hakushtuka. Aliinamisha kichwa, sikio kwenye boneti.

“Nani kagusa nyaya za plagi?”

Nilitazama mawingu.

“Injini imefungwa vizuri,” akasema. “Valvu zimekaa. Kuna mtu mwenye mkono. Halafu kapita mtu mwingine.” Kisha akaita, bila kugeuka, “Mwanangu, hizo nyaya zinakwendaje?”

Nikadhani ananiuliza mimi. Nikafungua mdomo. Mke wangu akajibu kutoka nyuma yangu:

“Moja, tatu, nne, mbili, baba.”

Akaja na sindano zake bado kifuani, akahamisha nyaya tatu kwa haraka kama anayesuka nywele, akaniomba nimpishe. Akawasha.

Iliimba. Sina neno jingine. Iliimba bila kukohoa, na mzee akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akasema binti yake alipokuwa na miaka tisa alikuwa akimshikia taa gerejini, na yeye mzee akamkataza asichafue mikono, akampeleka ufundi wa cherehani. Akasema alikosea. Akamwomba radhi mbele yetu sote.

“Hukunikataza kutazama, baba,” mke wangu akasema. “Nimeifunga mimi. Mume wangu alikuwa amelala.”

Mzee akampa ufunguo. Yeye, si mimi. Akapanda kando yake, akafunga mkanda. Viti ni viwili tu. Wakatoka getini, wakapinda kona, na kwa nusu saa tuliwasikia mtaa hadi mtaa, wakienda mbali, wakirudi, mzee anapiga honi.

Mimi na Bwana Waridi tulikaa juu ya gunia la udongo. Akaniuliza kwa upole kama kweli kulikuwa na nyuki.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimetafakari kutwa nzima. Hapo mwanzo niliumia, nakiri. Wiki nzima ya kulala, kumbe nilikuwa nalala tu. Lakini nimelitazama jambo kwa upana. Injini nani kaileta? Mimi. Nani kampa nafasi aoneshe kipaji chake? Nani kanyamaza asimsumbue? Huo ndio uongozi. Baba na mwana wamepatana kwa sababu yangu, ingawa hakuna aliyelitaja.

Mke wangu amempeleka mzee kwa shemeji kwa gari la jirani. La kwetu kaliacha lipumzike. Kabla ya kuondoka kanishika bega, kaniambia nisiliguse. Anavyonijali! Anajua nimechoka.

Nimelisikiliza likiwa limezimwa. Kwa sikio langu, giaboksi ina tatizo. Nimeitoa. Ndani yake kuna meno mengi kuliko nilivyotarajia. Kuna springi imeruka, imepita ukuta wa jirani, na jirani anauliza ni nini kimeangukia nguo zake zilizoanikwa.

Mke wangu anarudi saa kumi. Atafurahi sana akikuta nimeshamwanzishia.