Kuot na Mkono Mdogo Mweupe

Sogeeni, enyi mliosimama juani Kakuma mkingoja kadi zenu za kliniki zitafutwe kwenye maboksi, nanyi wa Lodwar mliopata habari hizi nusunusu. Tulieni niwasimulie vita vya mwaka jana, 2012, alivyopigana kaka yangu Kuot, mwana wa Bior, mshika mausi ya kompyuta asiyetetemeka.

Kuot alitunga programu ya kupata kadi ya mgonjwa kufumba na kufumbua. Aliitunga kwa ufundi wa kurasa za mtandao, ingawa iliishi ndani ya kompyuta ya kliniki, bila intaneti. Mbele yake akasimama Sista Nabei, ngome ya kompyuta ile, aliyeapa kuwa intaneti haitaingia ofisini mwake kula bando na akili za makarani.

"Ejok, Sista," Kuot akamsalimu kwa Kiturkana. "Nimekuletea mwisho wa foleni!"

"Ejok-noi. Mwisho gani una mkono?" Akapitisha mausi juu ya kitufe; kishale kikageuka mkono mdogo mweupe, kidole kimenyooka. "Kwenye semina ya Lodwar tulifundishwa: ukiona mkono, huo ni mtandao. Hii ni Facebook imevaa koti. Toa, ama mama yako aendelee kuchomeka huko nje."

Mama alikuwa kwenye foleni, mguu umevimba.

Kuot akajitosa vitani. Akavivika vitufe kijivu, akavifundisha kubonyea kama vya programu za zamani. Akayakataza maandishi kugeuka buluu mausi ikiburutwa juu yake. Akaukata mkono, ukachipuka kwenye kitufe cha pili, akaukata tena, hata uwanja ukawa kimya.

Sista akarudi, akapekua dirisha lote kama askari wa mpakani Nadapal akipekua lori. Kishale. Kishale. Kisha pembeni, chini kabisa, penye maneno "Imetengenezwa na Kuot Bior", mkono ukachomoza.

"Ahaa! Adui huyu hapa!"

"Sista, hilo ni jina langu tu. Ukibonyeza unaona picha yangu."

"Kumbe Facebook kweli! Chagua, kijana: jina ama programu."

Kuot akatazama nje.

"Jina langu halina mguu unaouma," akasema, akalifuta.

Kadi ya Mama ikapatikana, akaitwa kabla kivuli cha mlango hakijasogea.

Kuot tulimzika mwezi wa tano mwaka huu. Juzi nilimwomba Sista mausi, nikaipitisha pale pembeni. Kishale kikabaki kishale: ushindi kamili, historia ya Turkana nzima. Na kwa kuwa pale pamebaki patupu, naandika hapa: imetengenezwa na Kuot Bior.