Mkaratusi wa Bibi Mkunga

Jumatatu, 4 Machi

Upepo umenipa kazi! Asubuhi tawi la mkaratusi limeanguka juu ya bafu la nje la jirani yetu, Bibi Mkunga, aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa huu. Alikuwa ndani, ana povu mpaka masikioni. Hakuumia. Ametoka na taulo, ndoo kichwani kama kofia ya askari, akautukana mti ule na ukoo wake wote.

Mti umesimama uani kwake, umeinamia chumba anacholala. Amesema hataki kuuona tena.

Haikupita muda Ngedere akawa amefika. Ndiye mkata miti wa hapa. Mtu wa majigambo, hutembea na kamba begani hata akienda kununua chumvi. Ameuzunguka mti, ameugonga kwa ubapa wa panga, ametema mate, akasema umeoza ndani pale kwenye panda, shina linapogawanyika. Lazima ushushwe kipande kipande kuanzia juu. Wiki nzima. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, sikio limebandikwa kwenye tofali. Wiki nzima! Mti mmoja!

Alipoondoka nikamwendea bibi, nikamwambia mimi naumaliza asubuhi moja, na magogo nitamwondolea mwenyewe. (Magogo yale ni nguzo tupu. Nguzo zina wanunuzi.) Akaniuliza kama nimewahi kukata mti. Nikamjibu wajomba zangu wote ni wakata miti. Wajomba zangu wote ni mafundi cherehani, lakini kukata ni kukata. Amesema atafikiri. Anayefikiri ameshakubali nusu.

Nimemweleza mke wangu. Amecheka mpaka akakaa chini. Hajacheka hivyo tangu duka langu la viatu lifungwe. Sikuipenda sababu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpandaji. Shemeji! Kaka mdogo wa mke wangu, mchoraji wa mabango. Anaishi kwetu tangu kazi zimkaukie. Analala sebuleni, anakunja godoro lake kabla hatujaamka, anakula kidogo kuliko paka. Leo nimemwona akibadilisha taa, amesimama juu ya kiegemeo cha kiti, wala kiti hakikutikisika. Mtu mwepesi kama unyoya. Mimi nitakuwa chini, kwenye uongozi. Kila kazi ina mikono na ina kichwa.

Nimemuuliza. Ametazama sakafu, akasema sawa, shemeji. Kila kitu kwake ni sawa, shemeji. Raha ilioje kufanya kazi na mtu wa namna hii.

Mchana amenichorea bango: MABINGWA WA MITI. Herufi za kijani, kila moja imeota jani lake. Zuri mno. Nimeligongelea getini. Ngedere amepita, amelisoma herufi moja moja kwa sauti, amecheka. Mwenye wivu ajinyonge. Kamba anayo.

Jumatano, 6 Machi

Bibi bado anafikiri. Nimeona nimsaidie.

Nimekwenda kwa kinyozi. Nimekaa kama mtu mwenye huzuni. Waliponiuliza, nimesema nasikia Ngedere aliwahi kuangusha mti juu ya nyumba ya watu, na mzee mmoja mpaka leo hajainuka kitandani. Sikulisikia popote. Nililisikia nilipokuwa nalisema. Jioni habari zimenirudia mwenyewe nyumbani: mzee ameshakufa na amezikwa. Nimesikitika kweli kweli.

Bibi Mkunga ameniita ukutani. Nianze keshokutwa.

Baada yake amekuja Ngedere. Hakubisha hodi. Amesema uongo wangu atanilipa siku yake, lakini leo amefuata jambo moja.

“Usimpandishe mtu juu ya panda. Mle ndani ni uji.”

Nimemjibu kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akasema sawa, nikishaua nimwite, anayo kamba ya kushushia maiti. Mchafu wa mdomo!

Mke wangu ameuliza Ngedere alitaka nini. Nimesema amekuja kunipongeza.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Msumeno wa mashine nimeuazima kwa seremala, nimemwambia nina mbao za kupasua. Kamba ni ile ya kuanikia nguo, nimeikunja mara mbili. Shemeji amepanda pekupeku, msumeno mgongoni. Sungusungu wa mtini wamemla mpaka kwenye kope. Hakulalamika.

Matawi madogo yameshuka vizuri. Watu wamejaa ukutani. Mimi naelekeza kwa kidole: lile! Sasa lile! Sijaheshimiwa hivi tangu siku ya harusi yangu.

Nikaelekeza tawi la upande wa barabara. Shemeji akasema kwa sauti ndogo kwamba waya wa umeme uko karibu. Nikamwambia nimeshapima kwa jicho. Akakata.

Mlio kama wa bunduki. Cheche. Mtaa mzima ukanyamaza: redio, mashine ya kusaga, kila kitu. Kinyozi akabaki na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wakamleta mteja mwenyewe getini kwangu, wakamgeuza geuza, nimwone pande zote mbili. Nimewaeleza nyaya za siku hizi hazina ubora.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amempaka mdogo wake dawa ya kuumwa na wadudu mbele yangu, mgongo mzima, bila kuniangalia. Kisha akasema:

“Huyu ni mdogo wangu. Si ngazi.”

Ameniomba niache. Nimemwahidi kesho tutakuwa waangalifu. Sicho alichoomba, lakini ahadi ni ahadi.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandike nini. Naandika.

Shemeji alifika kwenye panda akasimama. Alikigonga kifundo cha mti kwa ngumi.

“Shemeji, hapa panalia kama debe.”

Ngedere alikuwa amekaa juu ya ukuta, anatafuna karanga, anatupa maganda upande wetu. Ukuta mzima unanitazama. Ningemshushaje mtu mbele ya Ngedere? Ningepita wapi kesho? Nikapiga makofi, nikasema twende kazi, panda juu kidogo tu. Akanitazama huku chini. Akapanda.

Msumeno ulinguruma mara moja. Panda ikapasuka katikati, na nusu ya mti ikaondoka na yeye. Kamba ya nguo haikukatika. Ingekatika ingekuwa heri. Ilimvuta pamoja na gogo, akapita kwenye paa la jiko la Bibi Mkunga, akatua sakafuni kati ya masufuria. Kifuniko kimoja kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. Yeye hakutoa sauti.

Bibi Mkunga alipiga magoti kwenye majivu. Akasema yeyote atakayemwinua atamkata mikono. Akataka mlango. Ngedere alikuwa ameshang'oa wa bafu kabla hajamaliza kusema. Wakamlaza juu yake, wakambeba watu sita, polepole, kama mtu aliyebeba maji.

Mimi nilishika geti lisijifunge. Ndiyo kazi niliyoifanya leo.

Jumatatu, 11 Machi

Hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Daktari amesema uti wa mgongo. Nikauliza miguu. Akasema uti wa mgongo ndiyo miguu. Nikauliza lini atatembea. Akafunga kalamu yake, akaiweka mfukoni, akaniambia tumshukuru Mungu kwamba anapumua.

Mke wangu haongei nami. Anaongea na chupa ya chai.

Shemeji aliamka alasiri. Jambo la kwanza, ameniomba radhi kwa kuuvunja msumeno wa seremala. Ameniomba mimi radhi! Nikamuuliza kwa nini alipanda, na alijua panda imeoza.

“Nalala sebuleni kwako, shemeji. Ningekataaje?”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Nikamrekebishia shuka miguuni, nikavuta hapa, nikavuta pale, kisha nikakumbuka hasikii kitu huko chini.

Nimetoka nje, nimelia nyuma ya gari la wagonjwa. Muuguzi akanikuta, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikasema bado.

Alhamisi, 14 Machi

Ngedere anaushusha mti uliobaki. Kipande kipande. Amefunga kamba tatu, anakata, kipande kinaning'inia, kinashuka taratibu kama mtoto anayelazwa. Siku nzima amefanya hivyo. Wala hakunitazama, ingawa nilisimama mahali pa kuonekana.

Bango la getini limekwishaondoka. Mke wangu amelibandua, amelipeleka hospitali, amelisimamisha karibu na kitanda ili mgonjwa aone kazi ya mikono yake. Nimewaza ni tangazo zuri, wodi ile ina watu wengi. Sikulisema. Naona nimekuwa mtu wa busara.

Bibi Mkunga ameniita ukutani. Nilidhani ni habari ya paa la jiko.

“Mwanangu, mikono hii ndiyo iliyokupokea. Ulitanguliza miguu. Nikasubiri kichwa kifuate. Mpaka leo nasubiri.”

Uzee umemjia ghafla; alikuwa ameshika ukuta. Amesema yeye ndiye aliyenipa kazi, na hilo atakufa nalo. Nikaona ndio wasaa wa kumpoza, nikamuuliza kuhusu yale magogo, kama bado ni yangu.

Ameingia ndani, amefunga dirisha.

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu amekuja kuchukua nguo zake. Atakaa kwa mama yake, karibu na hospitali, mpaka mgonjwa atakapotoka, na baada ya hapo hakusema. Amekunja kila kitu vizuri, hata sidiria. Mlangoni ameweka begi chini, akanitazama kwa mara ya kwanza wiki hii.

“Niambie kitu kimoja tu. Umejifunza nini?”

Nilijua ni swali kubwa. Sikutaka kulijibu ovyo. Nimekaa, nimeshika kichwa, nimepitia jambo lote tangu upepo mpaka masufuria. Nikaona. Nikamwambia ni kamba. Kosa lilikuwa kamba. Ingekuwa kamba ya katani, nene, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Amebeba begi lake, ameondoka. Hakubamiza mlango. Ameuegesha taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Nyumba imekuwa kubwa. Lakini Mungu hafungi bila kufungua. Alasiri amefika kaka yao mwingine kutoka mbali, mlinzi wa ghala, amekuja kusaidia kumgeuza mgonjwa na kumwogesha. Dume la mtu! Mabega kama kabati, mikono mpaka magotini. Kwa mama yao hapana nafasi tena, hana pa kufikia. Nimemwambia ondoa shaka kabisa, shemeji, hapa ni kwako, kaa utakavyo.

Kinyozi bado hanisalimii. Ila nimepita nyuma ya kibanda chake leo: kuna mti mkubwa wa mkungu, mizizi imeshainua sakafu, na matawi yanasugua paa. Mti ule haufiki mwaka.

Nimepika mwenyewe. Nimempakulia mgeni wangu nyama yote, mimi nimebaki na mchuzi. Ameona haya, ameshukuru sana, amesema hajawahi kukutana na shemeji mwenye moyo kama wangu. Nikamwongeza ugali. Ale tu. Kazi anayokwenda kuifanya inataka nguvu, na bado sijamwambia.