Gati Lililonyooshwa Bila Idhini Yetu

Kisiwa cha Terneholm
2 Juni

Kwa Bi. Ragnfrid Myklevoll,
Mkuu wa Ofisi ya Utalii wa Pwani

Bibi Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako wote ofisini, na kwamba mvua ya wiki iliyopita haikuingia kwenye viatu vyenu kama ilivyoingia kwenye vyangu. Mimi ni Eilert Terneholm, mwenyekiti wa Chama cha Gati tangu mwaka 1987, kwa sababu kila mwaka nikiuliza nani anataka kunipokea kiti, wanachama wote huanza kutazama bahari. Sina kawaida ya kulalamika. Faili langu huko kwenu litakuonyesha barua sita tu kuhusu honi ya feri na mbili kuhusu shakwe, na zote niliziandika kwa upendo.

Hii ya leo ni nzito. Inahusu mpango wenu mpya uitwao "Pwani kwa Mikono Yako", ambao tangu Aprili umekuwa ukituletea makundi ya wageni kila Jumamosi, katika kisiwa chenye wakazi tisa na kondoo arobaini. Nimesoma masharti yenu yaliyobandikwa kwenye kibanda cha feri. Yanasema lalamiko halipokelewi bila sahihi za wakazi wawili kutoka nyumba mbili tofauti. Sahihi yangu utaiona hapo chini. Ya pili nitaishughulikia, usiwe na wasiwasi.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Matembezi ya Kimya. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi Tuva, yule binti mwongoza wageni mliyemtuma kutoka bara, huwapitisha watu ishirini mbele ya dirisha la jiko langu bila kusema neno. Siwazuii kupita. Haki ya kila mtu kutembea popote katika nchi hii naijua vizuri, na mimi mwenyewe nimeitumia sana kwenye vilima vya watu nisiowapenda. Tatizo ni kwamba husimama, wakanitazama nikila mkate wangu na mayai ya samaki ya kwenye tyubu, kisha wakainamisha vichwa. Katika kipeperushi chenu kuna picha yangu, na chini yake pameandikwa, "Mkazi halisi akiwa ndani ya utulivu wake." Sikuwa ndani ya utulivu wowote, Bibi Mkuu. Nilikuwa natafuna.

2. Chumba cha mvuke kinachoelea. Mmekifunga mahali ninapofunga boti yangu. Watu wazima huketi humo uchi wakitokwa jasho, halafu hutoka mbio na kujitupa kwenye maji ya nyuzi saba, wakalia kama wanaibiwa, kisha wakatoka na kusema wamezaliwa upya. Sitasema mengi juu ya kifungu hiki, kwa sababu niliingia humo mara moja kwa ajili ya ukaguzi, na ukaguzi ukachukua dakika arobaini.

3. Mwani. Wageni wanafundishwa kuchuma mwani mawimbini na kuula kwa siagi. Mwani huo ni chakula cha kondoo wetu wakati wa baridi, nao walikuwa wakiula mkavu bila manung'uniko tangu enzi za babu zangu. Sasa wamemwona Tuva na siagi yake. Kondoo wangu dume hagusi tena mwani wa kawaida. Anasimama ufukweni anamsubiri.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na naomba uvue miwani ya ofisini uvae ile ya nyumbani.

Jumamosi ya tatu ya Mei ni siku ya msaragambo wa gati. Kila nyumba hutoa mtu. Borghild wa nyumba nyeupe huchemsha kahawa na kuoka keki zenye umbo la moyo kwenye chuma chake cha kuokea, sisi tunang'oa mbao zilizooza, tunaweka mpya, tunabishana kuhusu misumari, tunakwenda nyumbani. Tangazo nalibandika mimi kwenye kibanda cha feri, na chini yake huandika, "Wote mnakaribishwa." Hilo nakiri. Lakini wewe ni mtu wa pwani hii. Unajua kwamba maneno hayo ni ya adabu tu, na kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mgeni aliyewahi kukosa adabu kiasi cha kuyaamini.

Wageni wa Tuva waliyaamini. Tulipofika gatini saa nne tuliwakuta ishirini na wawili wameshavaa glavu. Walikuwapo Waholanzi, Wajerumani, na mzee mmoja wa Uswisi, seremala mstaafu, mwenye pima maji yake mwenyewe mfukoni. Nani anakwenda likizo na pima maji? Nilipoinama kuchukua mtaimbo, Tuva akanishika bega.

"Mzee Eilert, leo wewe kaa. Wageni wamelipia kuja kufanya hivi."

"Binti yangu, sisi tunafanya bure."

"Ndiyo maana wanawapenda," akasema, akanipa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa changu.

Kazi yetu ya siku nzima waliimaliza kabla kahawa haijachemka. Borghild, ambaye kwa kawaida husifiwa mara tatu kwa mwaka, alisifiwa mara sabini kwa saa moja, akachoka, akaenda kulala mchana kweupe.

Utasema: kazi imekwisha, ugomvi wa nini? Nitakueleza. Mbao za gati zina urefu wa mita nne, nzito, na kila ubao hubebwa na watu wawili. Tangu ujana wetu wabebaji ni mimi na mdogo wangu Halvdan, kwa sababu tuna kimo kimoja. Ukimweka mfupi upande mmoja, mzigo wote unamwangukia yeye. Halvdan anakaa hatua mia moja na kumi kutoka mlangoni kwangu. Hatujasemezana miaka kumi na moja, tangu tulipofarakana juu ya banda la boti aliloliacha marehemu baba. Mimi nilitaka lipakwe nyekundu, kama alivyokuwa akilipaka baba. Yeye alitaka njano, kwa sababu mama alipenda njano maisha yake yote na hakuna aliyemsikiliza. Kila mmoja akapaka nusu yake, na tangu siku hiyo basi.

Isipokuwa siku ya msaragambo. Ubao wa mita nne hauwezi kubebwa na watu walionuniana kabisa. Lazima mmoja aulize, "Umeshika?" na mwenzake ajibu, "Nimeshika." "Taratibu, kuna msumari." "Nimeuona." Mbao kumi na nne kwa mwaka, maneno sita kwa kila ubao: kwa watu wa huku hayo ni mazungumzo ya kutosha. Mwaka aliofiwa na mkewe alisema, "Nimeshika, ila nisubiri kidogo." Nikamsubiri. Tulisimama na ule ubao mpaka kahawa ya wote ikapoa, na hakuna aliyetuharakisha. Mwaka jana alisema, "Shusha kidogo, mgongo." Ndivyo nilivyojua kwamba mgongo unamsumbua. Mwaka huu nilikusudia kumwuliza unaendeleaje. Nilikuwa nimeshapanga kumwuliza kwenye ubao wa tatu, ili isionekane nina haraka.

Mbao zote kumi na nne zilibebwa na Waholanzi. Halvdan alisimama mwisho ule wa gati, mimi mwisho huu, kila mtu na glavu zake mfukoni. Hatukuwa na la kushika, kwa hiyo hatukuwa na la kusema. Iliniuma, Bibi Mkuu, na wiki mbili baadaye bado inaniuma.

5. Kunyooshwa kwa gati. Gati letu lilikuwa limeinama sentimita tisa upande wa kusini tangu nikiwa mvaa kaptula. Yule Mswisi aliweka pima maji yake, akatikisa kichwa, akaingia chini na jeki. Sasa limenyooka. Borghild ameteleza mara mbili, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulishazoea. Maji ya mvua, yaliyokuwa yakijiendea baharini bila kuambiwa, sasa yamebaki juu ya mbao yanatutazama. Hatukuombwa ruhusa. Chama kina mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa palepale, kitini.

6. Hapa nimeikandamiza kalamu mno, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Mbao zilipokwisha, wageni walikuwa bado na nguvu. Bibi mmoja Mholanzi aitwaye Femke aliliona banda letu la boti, nusu nyekundu nusu njano, akamwuliza Tuva, "Maskini, rangi iliwaishia?" Tuva, mtoto wa bara asiyejua lolote, akajibu kwamba huenda. Wakaingia ndani wakakuta makopo mawili, langu na la Halvdan. Wakapima, wakaona hakuna kopo linalotosha peke yake. Wakayachanganya.

Banda la marehemu baba sasa lina rangi ya chungwa pande tatu. Linaonekana kutoka kwenye feri, na nahodha kila akilipita hupiga honi, nawe msimamo wangu kuhusu honi unaujua. Nilitoka nje kupiga kelele nikamkuta Halvdan naye ametoka nje kupiga kelele. Kwa kuwa hatusemezani, tuliwafokea Waholanzi kwa zamu: yeye akimaliza, mimi naanza. Bibi Femke alituambia tuna sauti nzuri zinazopatana, akauliza kama huwa tunaimba.

Kutokana na hayo yote, naiomba ofisi yako, kwa heshima, itekeleze yafuatayo. Mbao mpya kumi na nne zing'olewe, zilizooza zirudishwe mahali pake, ili zibebwe upya na watu wanaohusika. Mswisi aitwe aturudishie sentimita zetu tisa. Banda lipakwe upya, nusu kwa nusu, na mstari upite palepale ulipokuwa. Vipeperushi vyenu viseme wazi kwamba Terneholm hakuna cha kufanya, na kwamba mgeni yeyote atakayekutwa akisaidia atarudishwa bara kwa feri ya kwanza. Ikiwezekana, kila mgeni aonyeshe cheti cha uvivu kilichosainiwa na daktari kabla ya kupanda boti. Kama ni lazima muwe na jambo jipya la kuwauzia, nashauri muwape nafasi ya kuketi na kuwatazama wengine wakifanya kazi. Nilipofika ofisini kwenu mwezi wa Machi niliona jambo hilo lina wapenzi wengi.

Ninasubiri jibu lako nikiwa na subira ya mtu aliyepokonywa kazi zote za kufanya, na sina kinyongo na mtu yeyote isipokuwa waliotajwa hapo juu.

Mama yako nisalimie. Nasikia amebadilishiwa nyonga na anapanda ngazi kunishinda. Msalimie pia yule karani anayegonga muhuri juu chini, na mpishi wa feri, na mwambie supu yake ya samaki sasa ina samaki. Tuva naye msalimie. Ni mtoto mzuri, kosa lake ni kuamini matangazo.

Wako katika utumishi wa gati,

Eilert Terneholm
Mwenyekiti

Tanbihi. Kama nilivyoahidi, nilikwenda kutafuta sahihi ya pili. Borghild alikataa, zile sifa zimemwingia kichwani, na ameagiza chuma kingine cha kuokea. Nyumba nyingine zote zilikataa pia, zikiwa na nywele mbichi, kwa sababu nilizikuta kwenye kile chumba cha mvuke. Ikabaki nyumba moja.

Nilitembea hatua mia moja na kumi, nikaiweka barua mezani kwa Halvdan. Akavaa miwani, akaisoma yote, akarudia kifungu cha nne. Kisha akasema, "Hatua ni mia moja na nne. Wewe ulizihesabu ukiwa na hasira, ukawa unapiga za karibu karibu."

Nikasema, "Mgongo unaendeleaje?"

Akasema, "Kaa basi, nikueleze."

Nikakaa tangu saa tatu asubuhi mpaka feri ya jioni ikapita na barua ikaikosa, ndiyo maana inakufikia kwa kuchelewa. Mgongo una historia ndefu. Baadaye tulilitazama banda kupitia dirisha lake. Halvdan anasema mama angeipenda ile rangi. Mimi nasema hata baba angeipenda, kama angesimama mbali kidogo.

Kwa hiyo lalamiko hili naliondoa, kifungu cha kwanza hadi cha sita, pamoja na maombi yake yote na cheti cha daktari. Wageni waje. Tunalo ombi moja tu, na hili lina sahihi mbili kama masharti yenu yanavyotaka: utuulizie yule bibi Femke alichanganya nyekundu kiasi gani na njano kiasi gani. Upande wa kaskazini hawakuufikia. Tafadhali utujibu upesi, maana ngazi tumeshaisimamisha na Halvdan ameishika.

Eilert Terneholm
Halvdan Terneholm