Jeli ya Fundi na Haki Yangu Uwanjani

Jumatatu, 4 Mei. Mwaka wa ishirini na tisa ugenini.
Habari kubwa! Klabu yetu ya wazee imepewa nafasi moja katika mashindano ya kimataifa, na safari hii yanafanyika kwetu. Kwetu hasa, mji niliozaliwa. Atakayeshinda mbio za mzunguko mmoja Jumapili hii ndiye atakayetumwa. Niliondoka kwa mlango wa nyuma. Nitaingia kwa mlango wa mbele, namba kifuani, la sivyo sirudi! Nimemwambia mke wangu. Kasema kwanza nipande ngazi bila kushika ukuta.

Jumanne, 5 Mei
Mazoezi. Fundi Cherehani kanipita kwenye kona, tena akinisalimia! Mwaka jana alikuwa akipumzika katikati ya njia, tukimwita Kobe. Leo mgongo umenyooka kama rula. Nikamuuliza siri. Hakuficha: daktari alimpima, akakuta homoni ya kiume imeshuka mno, sasa anajipaka jeli ya dawa mabegani kila asubuhi. Alinieleza kwa furaha, kama mtu aliyepata mjukuu. Mimi nakimbia kwa nguvu za chai na hasira. Haki iko wapi?

Jumatano, 6 Mei
Nimepeleka malalamiko kwa Muuguzi, mstaafu wa hospitali, mwenyekiti wetu na shoga wa mke wangu. Nilisema kwa ufasaha. Alinisikiliza huku akifuma sweta. Akajibu kwamba Fundi anatibiwa. Dawa inamfikisha walipo wenzake, haimpitishi. Na kibali cha daktari anacho. Nikasema kibali hakikimbii. Kila mkimbiaji apimwe damu, atakayezidi kiwango cha kawaida, nje! Akaacha kufuma. "Kila mkimbiaji, shemeji?" Kila mkimbiaji! Amekubali. Ijumaa asubuhi.

Alhamisi, 7 Mei
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Je, Fundi akionekana yuko sawa? Atakimbia na jeli yake, mimi mikono mitupu! Haki ni mizani. Upande mmoja ukizidi, wa pili huongezwa. Chumba cha kubadilishia nguo, hakuna mtu, mkoba wa Fundi uko wazi, jeli iko juu. Nikajipaka mikononi, nikasugua hasa. Halafu tumboni. Halafu magotini, maana ndiko kwenye matatizo. Nikatoka nimetanua kifua. Mke wangu kauliza mbona nanuka zahanati. Nikamwambia ni harufu ya ushindi. Kafungua dirisha.

Ijumaa, 8 Mei
Damu imetolewa. Muuguzi alichoma mkono uleule niliousugua kwa bidii. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nikimchunga Fundi asibadilishe kichupa chake cha damu.

Jumamosi, 9 Mei
Majibu yamesomwa mbele ya wote. Fundi: katikati ya kiwango, hana tofauti na wenzake. Dobi mstaafu: chini kidogo, akamwone daktari. Mimi: Muuguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kiwango hiki hajapata kukiona kwa mtu mwenye wajukuu. Labda kwa fahali. Vicheko! Nikaeleza kwamba ukoo wetu una damu nzito. Fundi akasema kwa upole kwamba jeli yake nayo imepungua ajabu. Nje! Kwa kanuni yangu mwenyewe! Mchimba kisima kaingia, na maji yamemfika shingoni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumapili, 10 Mei
Fundi ameshinda. Jioni kaja nyumbani, bado amevaa viatu vya mbio. "Kaka, nikuletee nini kutoka kwenu?" Nikasema sitaki kitu. Alipofika mlangoni nikamwita. Nikamwomba apite mtaa wa nyuma ya posta ya zamani, aangalie kama nyumba yenye ngazi za kijani bado imesimama. Asipige picha. Aje aniambie tu. Akanishika bega, akaondoka. Hakunitania. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu, 11 Mei
Nimetafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona: nilipaka mikononi, sindano ikachota jeli pamoja na damu. Mwakani nitapaka miguuni tu, ambako hakuna atakayetoboa. Pia nina malalamiko mapya. Fundi hujishonea kaptula zake mwenyewe, kwa kipimo chake, jambo ambalo sisi wengine hatuliwezi. Je, huo ni usawa? Kesho asubuhi na mapema niko kwa Muuguzi. Mashindano ya mwakani yatakuwa mji mwingine, mbali na kwetu. Nitashinda hata hivyo. Kwetu sitarudi.