Wiki Niliyokuwa Meneja wa Hoteli

Alhamisi, 1 Agosti 1985

Barua ya shangazi imefika kutoka Unguja. Posa yangu kwa Zuwena bado haijajibiwa. Baba yake, Mzee Makame, amesema hatoi jibu mpaka apate habari zangu za kweli. Sasa mwanawe Khatib, ndugu yake Zuwena, anasoma uhandisi Budapest, na likizo hii anazunguka miji ya Ulaya kwa treni pamoja na rafiki yake. Wameshaona Vienna, Roma na Paris. Jumamosi wanafika London. Watalala kwangu siku tano.

Wanakuja kutembea tu, anasema shangazi. Kutembea! Mimi si mtoto. Khatib anakuja kunichunguza.

Shangazi ameongeza pembeni, kwa wino mwingine, kuwa kuna mtu wa pili ameposa. Karani wa bandarini. Ana Vespa.

Nina miaka thelathini na tisa. Nikimkosa huyu nitazeeka na mashine ya kukaushia.

Tatizo ni dogo. Barua ya posa ilisema Muhiddin ni meneja wa hoteli. Si uongo mtupu. Hoteli ipo, na mimi nimo ndani yake. Nimo chini kabisa, kwenye dobi, nafua mashuka ya vyumba mia tatu. Hata shajara hii yenye kingo za dhahabu niliikuta ndani ya foronya. Mwenyewe aliandika siku tatu za Januari akachoka.

Mambo ya posa nayajua vizuri. Dada yangu Raya alipoposwa, baba hakumtuma ndugu hata mmoja kuchunguza. Alisema ndugu huhongwa kwa biriani. Alimtuma fundi saa mmoja Mgoa, mtu wa nje, akakaa siku nne mbele ya duka la mposaji kama anayengoja rafiki. Mposaji hakushtuka. Akamtukana fundi wetu mara mbili. Tulicheka mwaka mzima. Mpumbavu gani huyo asiyejua kuwa anatazamwa?

Ijumaa, 2 Agosti

Nimemwambia Mumbi, msimamizi wetu wa dobi, mama wa Murang'a, kuwa bibi yangu amefariki. Akaniuliza ni bibi yupi, maana mwaka juzi alikufa mmoja na mwaka jana mwingine. Nikamwambia babu alioa wake wanne, kama dini ilivyoruhusu. Akahesabu kwa vidole. Akasema basi amebaki mmoja, nimtunze. Nimepewa ruhusa ya siku tano.

Jioni nikashuka kwa Rasik, mwenye nyumba yangu hapa Kilburn. Kwao Mwanza. Anauza magazeti na viazi chini ya chumba changu. Ameniazima suti yake ya harusi ya mwaka 1961. Siku hizo Rasik alikuwa mwembamba, lakini mfupi amekuwa siku zote. Mikono ya koti inaishia karibu na viwiko. Akasema vizuri, meneja lazima aonekane saa. Sina saa. Akaniazima na saa. Haitembei. Akasema meneja hana haraka.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimewapokea stesheni ya Victoria. Khatib ni mrefu, mpole, kamera shingoni, anacheka hata asipoambiwa kitu. Rafiki yake anaitwa Anselm. Mfupi, miwani minene, mtu wa Songea. Mkristo. Hana hata mjomba Unguja. Moyo ukatulia, huyo si wa kuhesabiwa. Nikambebesha mabegi yote matatu.

Nilijua wataona ajabu meneja kukaa chumba kimoja. Nikawahi kusema nyumba yangu ipo Stanmore, inapakwa rangi. Anselm akauliza rangi gani. Nikasema nyeupe. Baadaye, tunakula, Khatib akauliza rangi gani. Nikasema buluu. Anselm akatafuna polepole.

Kitanda nimempa Khatib. Mimi kitini. Anselm sakafuni, upande wa mlango, penye upepo. Akasema ahsante sana kaka, Roma walilala bustanini. Kisha akatoa daftari akaandika ukurasa mzima. Khatib anasema ndivyo alivyo, kila mji anauandika. Kama karani wa sensa.

Mapaja ya kuku nimempa Khatib yote mawili. Anselm shingo.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya kuwaonyesha London. Nina miaka kumi na moja hapa tangu niliposhuka melini. Ninachokijua ni basi namba 16 na njia ya msikitini. Kwingine kote nimekuona kwenye kadi za posta dukani kwa Rasik. Lakini meneja hawezi kuuliza njia.

Nikawapeleka nyumbani kwa Malkia. Jengo kubwa kweli, lina minara, na foleni ndefu ya watoto. Nikawaeleza kuwa Jumapili Malkia hufungua milango, anapenda watoto. Tukaingia. Ukumbini pamesimama mifupa ya mnyama mmoja, urefu wake mabasi mawili. Khatib akauliza ni ya Malkia? Nikasema amerithi.

Anselm akasoma kibao chote, mstari kwa mstari. Akanitazama. Akasema taratibu, "Familia hii ni ya zamani sana, kaka."

Khatib alicheka mpaka ikabidi ashike ukuta. Sijui kilichomchekesha. Vijana waliosoma hucheka hovyo. Anselm akaandika, tena amesimama. Nikamwambia apunguze kuandika, atamchosha mwenzake.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku mbaya.

Khatib alitaka kuiona hoteli. Nilishapanga: tunaingia mlango wa mbele saa nne, Mumbi akiwa chini, tunakaa kwenye viti vya ngozi dakika tano, natazama saa ya Rasik, nasema kazi inaniita, tunatoka. Mlango wa mbele sikuwahi kuupita. Unazunguka. Nilizunguka nao mara mbili.

Tukakaa. Khatib akapiga picha. Nikaanza kulalamika juu ya taa, kimeneja. Ndipo Mumbi akatokea kwenye lifti na kikapu cha taulo. Hapandi juu hata mara moja kwa mwezi. Leo kapanda.

Nikajua nimekwisha. Lakini Mumbi ni mtu wa utu, na hilo ndilo lililoniua. Akaweka kikapu chini, akawashika wageni mikono mmoja mmoja, macho yamelegea. "Poleni sana kwa msiba, wanangu. Mungu awatie nguvu."

Khatib akaruka kitini. Nani kafa? Baba? Mumbi akamwambia ni bibi yake Muhiddin, kwani hamkuja kwa ajili ya matanga? Khatib akanigeukia. Akasema bibi yako si alifariki mimi niko darasa la kwanza? Baba yangu ndiye aliyechimba kaburi.

Nikasema habari za kwetu zinachelewa sana kufika Ulaya.

Mumbi alichukua kikapu chake. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza kuwa boila ya pili imeharibika, na marehemu akishazikwa niwahi.

Njiani nikawaeleza kuwa yule ni mfanyakazi wangu. Khatib akasema ana upendo sana. Anselm akauliza wafanyakazi wangu wako wangapi. Nikamwambia anibebee koti.

Jumanne, 6 Agosti

Tumekwenda mtoni. Nilipoinama kumfunga Khatib kamba ya begi, suti ya Rasik ikapasuka mgongoni kutoka kola hadi kiunoni. Na mgongo wangu mwenyewe ukakaza hapo hapo. Sikuweza kuinuka. Khatib alishakwenda darajani kupiga picha, hakuona.

Anselm akanikalisha kwenye benchi. Akavua sweta lake akanifunika. Akaniuliza mgongo huu unauma tangu lini.

Jambo la ajabu. Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo kwa Kiswahili. Nikamjibu. Nikamwambia tangu 1977, tangu mashuka ya maji ya mashine ya zamani. Basi mdomo ukafunguka, haukufungika tena. Nikamwambia dobi. Nikamwambia bibi zangu wote watatu. Nikamwambia Stanmore sina hata tofali. Suti ya nani, saa ya nani. Nikamwambia niliacha shule darasa la sita, na ile nyumba ya Malkia sikuwa na hakika nayo. Akasema alihisi.

Akauliza kwa nini Zuwena. Nikamwambia hata hilo. Mama alipofariki, ndugu zangu waliniletea simu ya maandishi, maneno saba. Zuwena alikuwa jirani tu, mjane, mwalimu wa watoto wadogo. Hakuna aliyemwomba. Akaniandikia kurasa nne. Mama alisema nini asubuhi ile, nani alimwosha, nani alikuja hitimani, nani alichelewa, wali ulitosha au haukutosha. Nilikuwa mbali, akanifikisha. Barua ile ninayo chini ya godoro. Mtu kama huyo huwezi kumwandikia kuwa unafua mashuka.

Anselm akauliza kwa nini huwezi. Swali la kitoto.

Nimemwomba asiseme kitu kwa Khatib. Akasema kwa Khatib hatasema. Vizuri. Siri kwa mtu wa Songea ni kama jiwe kisimani. Leo nimempa paja.

Alhamisi, 8 Agosti

Wameondoka. Wanakwenda Amsterdam.

Victoria, treni ikiwa imeshafungua milango, nikamvuta Khatib pembeni. Nikamwambia wewe sasa ni kama ndugu yangu, umeniona nilivyo, umeiona hoteli, mpelekee baba habari nzuri. Khatib akashangaa. Akasema yeye hana habari ya kupeleka, hakutumwa kitu. "Baba hawezi kunituma mimi, kaka Muhiddin. Anasema ndugu wanahongwa kwa biriani."

Nikauliza katumwa nani basi.

Akamwelekeza kidole Anselm, aliyekuwa anapandisha mabegi matatu peke yake.

Barua ya Mzee Makame ilifika Budapest kwa jina la Anselm. Mtu wa nje, asiye ndugu wa upande wowote. Alipewa maswali kumi na mbili. Kila jioni alikuwa anajibu mawili au matatu.

Nilijishika kwenye mkokoteni wa mizigo. Fundi saa! Nilimlaza fundi saa kwenye upepo. Nikamlisha shingo ya kuku.

Anselm akashuka kuniaga. Akanipa mkono. Akasema sweta nibaki nalo, mgongo usipigwe baridi, na poleni kwa bibi.

Ijumaa, 9 Agosti

Kazini. Boila ya pili. Mumbi akaniuliza kama tumezika salama.

Jioni nikaandika barua kwa Mzee Makame. Nikamweleza kwa heshima kuwa Anselm ni kijana mzuri ila haoni vizuri, ushahidi ni miwani, na tena hasikii upande mmoja, kwa hiyo asilolielewa hulijaza mwenyewe. Barua safi. Nikashuka kununua stempu. Rasik akaomba kuisoma. Akaikunja, akanirudishia, akasema stempu zimekwisha. Zilikuwa mbele yangu, bunda zima. Akasema hizo si za barua hiyo.

Ameuliza pia habari za suti.

Jumamosi, 14 Septemba

Barua ya shangazi. Nilikaa nayo saa nzima bila kuifungua. Chai ilipoa.

Posa imepokelewa. Imepokelewa! Karani wa Vespa amerudishiwa barua yake.

Shangazi anaeleza kuwa ripoti ya Anselm ilikuwa kurasa kumi. Mzee Makame alisomewa nyumbani, watu wote wa nyumba wakisikiliza. Alicheka mpaka akaomba maji. Kisha wakafika mahali akaacha kucheka, akataka pasomwe tena. Akasema basi, huyu tumpe. Zuwena mwenyewe ameisoma peke yake mara mbili. Aliuliza tu kama koti limeshashonwa. Mzee anakuja London Desemba kutibiwa macho, atalala kwangu. Zuwena amempa chupa ya mafuta ya karafuu aniletee, ya kuchulia mgongo.

Nimefikiri sana juu ya mambo haya, na nimeyaelewa.

Kwanza, koti. Limependwa, ndiyo maana linaulizwa. Pili, mgongo. Nilijiuliza wamejuaje, nikakumbuka kuwa mameneja wote huumwa mgongo, kwa kukaa. Tatu, na hili ndilo kubwa: Anselm amenifichia. Alijua yote, na akaandika kurasa kumi za kunisifia umeneja. Rafiki wa kweli. Na mimi sina haki ya kumwaibisha mtu aliyebeba uongo kwa ajili yangu. Kwa hiyo Desemba, nipende nisipende, lazima niwe meneja, na safari hii kwa mpango.

Nimeshashuka kwa Rasik. Ana binamu yake Stanmore, anakwenda India majira ya baridi, nyumba itakuwa tupu. Rasik akashika kichwa kwa mikono miwili. Nimelichukua kama kukubali. Nimemwuliza rangi ya nyumba, nisikosee tena. Suti iko kwa fundi, inaongezwa mikono.

Kazini pia nimetangulia mapema, nisije nikashtukiza watu. Nimemwambia Mumbi kuwa bibi wa nne hajisikii vizuri.