Ushahidi Wangu Umeliwa kwa Mkate

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshiba, kwa sababu nataka uisome mpaka mwisho bila kusingizia njaa. Mimi ni yule msomaji wako anayetia saini "Napinga", huu ukiwa mwaka wa ishirini na mbili. Wewe ni mhariri wa tatu kunipokea. Wa kwanza alistaafu, wa pili alihama mji, na wote wawili, naambiwa, wanaendelea vizuri.

Sina ugomvi nawe binafsi. Ugomvi wangu ni na ukurasa wa kumi na moja wa toleo la mwezi uliopita, mahali palipopaswa kukaa barua yangu ya nne kuhusu muuza asali wa sokoni. Wasomaji wanaikumbuka hoja yangu. Mama yule aliniuzia chupa ya asali, baada ya wiki sita ikaganda, ikawa nyeupe na chenga chenga, nami nikatangaza kwa Kiswahili kisicho na pazia kwamba asali inayoganda ni sukari iliyovaa nguo za asali. Barua tatu za mwanzo ulizichapa bila kupunguza hata nukta. Wateja wake wakatawanyika. Alikuwa na meza mlango mkuu wa soko; leo yuko nyuma, karibu na matangi ya maji. Nilihesabu hilo kuwa ushindi wa kalamu.

Barua ya nne uliikata ikabaki mistari minne. Mahali pake ukaweka maelezo ya Shangazi wa Jikoni, mwandishi wako wa mambo ya chakula, yenye kichwa "Asali ya Kupiga: Itengeneze Nyumbani". Yaani pale ambapo mimi nakataza asali isigande, wewe umeweka mafunzo ya kuigandisha kwa makusudi, na picha ya kipande cha mkate juu yake. Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili usiyapoteze.

1. Maelezo yenyewe ni dharau kwa akili ya msomaji. Shangazi anasema tuchukue vikombe viwili vya asali, tutie vijiko vitatu vikubwa vya asali iliyokwisha kupigwa, ambayo anaiita mbegu, tupige kwa mashine ya keki dakika ishirini, kisha tuweke mahali pa baridi wiki nzima. Sasa nauliza, vijiko vitatu vya kwanza kabisa duniani alikuwa navyo nani? Hii ni sawa na ile ofisi inayotaka ulete kitambulisho ndipo ikupe kitambulisho. Nilipiga simu gazetini kuuliza. Binti anayepokea simu aliniamkia vizuri, akanisikiliza dakika kumi na nne, kisha akasema, "Sasa baba, si utumie tu ile iliyoganda yenyewe? Isage mpaka iwe laini." Nikamjibu kwamba nyumba yangu haina asali iliyoganda. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hushonea hapo hapo sebuleni, akasema bila kuondoa mguu kwenye kanyagio, "Unayo. Iko kabatini, nyuma ya magazeti yako."

2. Kwa hiyo gazeti lako limenilazimisha kugusa ushahidi. Chupa ile nilikuwa nimeihifadhi miaka mitatu, imezungushiwa utepe na kuandikwa tarehe, nikingoja siku mahakama itakapoihitaji. Niliifungua. Nikachota vijiko vitatu vya iliyoganda chini, nikavisaga kwenye kinu cha vitunguu saumu, ambacho nilikiosha mara mbili (mke wangu anasema mara moja), na vile vikombe viwili nikavipata humo humo, juu, ambako ilibaki majimaji. Ieleweke kwamba sikuwa natengeneza asali ya kupiga. Nilikuwa naikanusha. Nia yangu ilikuwa mchanganyiko uharibike, niupige picha, nikutumie picha hiyo pamoja na maneno mia tisa.

3. Mchanganyiko haukuharibika. Hapa nalalamika kwa uchungu. Mashine niliiazima kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni mwokaji wa mikate, nayo sikuipata bure. "Shemeji, wewe umewahi kupiga hata yai?" aliniuliza mbele ya wateja wake, wakacheka, nami nikavumilia kwa ajili ya ukweli. Dakika ya tano asali iliacha rangi ya chai ikashika rangi ya mchanga. Dakika ya kumi na mbili ikaanza kuumuka na kung'aa. Dakika ya kumi na nane, Ndugu Mhariri, nilikuwa nacheka peke yangu, asali kwenye miwani, asali kwenye saa, asali kwenye kamusi niliyoiweka karibu kwa usalama wake. Mtu wa umri wangu, mwenye barua zaidi ya mia mbili zilizochapwa, hapaswi kuchekeshwa na bakuli. Tone moja liliruka mpaka kwenye kola ya suti ya mteja. Mke wangu akalilamba kabla halijaingia kitambaani, kisha akainuka akazima taa ya cherehani. Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuizima kwa ajili ya hoja yangu yoyote.

4. Ushahidi umeliwa. Nilifunga kopo, nikaliweka rafu ya chini ya friji na karatasi juu yake: USIGUSE, UTAFITI. Siku ya tatu nikakuta shimo la ukubwa wa kidole gumba. Niliitisha kikao cha familia, na wanafamilia wote wakajitetea kwa midomo yenye kung'aa. Siku ya saba asali ilikuwa nyeupe, laini, haina chenga hata moja, inakaa juu ya kisu bila kudondoka. Shemeji akaja "kuchukua mashine yake", na mikate miwili kwapani. Mlango wa jikoni wetu unatazama ngazi, na habari za jikoni hazina adabu. Katika miaka ishirini na miwili ya kuandika, msomaji mmoja tu amewahi kubisha hodi kwangu, naye alikuwa anamtafuta fundi cherehani. Katika wiki tatu za asali hii walibisha watu kumi na tisa, kila mtu na kikombe. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini, ambaye hatukuwa tukisemeshana naye tangu nilipompinga gazetini kuhusu maana ya uhuru, alikuja na kijiko chake mfukoni. Alikula, akalamba kijiko. Akaomba tena. Kisha akasema kuhusu uhuru huenda tulikuwa tunasema jambo moja, nami nikashindwa kupinga kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa. Kopo la kwanza lilizaa la pili, la pili likazaa la tatu, na chupa yangu ya kabati ikaisha yote. Kesi yangu sasa imo matumboni mwa watu kumi na tisa.

5. Nilipoishiwa, nilinunua dukani ile asali ya chupa ambayo niliisifu katika barua yangu ya pili, nikisema ndiyo asali halisi kwa kuwa haigandi kamwe. Niliitia mbegu, nikaipiga dakika arobaini mpaka mashine ikatoa harufu ya waya. Nikangoja wiki. Nikangoja na ya pili. Imebaki maji matupu yenye povu. Ile niliyoisifu kwa kutoganda imekataa kuganda hata ilipoombwa kwa heshima. Shemeji aliionja kwa ncha ya ulimi, akasema, "Hii ninaijua. Shira hii ninaipikia maandazi." Sitaki kusema maana yake ni nini. Nataka wewe ndiye uone aibu, kwa kunichapia barua ile bila kuihariri.

6. Kwa hiyo ilinibidi niende sokoni mwenyewe. Nilivaa miwani ya jua na kofia ya shemeji, nikapita nyuma kwenye matangi ya maji. Mama yule alikuwa anafuta chupa, ambazo hazikuzidi nane; alipokuwa mlango mkuu zilijaa meza mpaka chini. Hakuinua hata uso. "Karibu, Bwana Napinga," akasema. "Leo nikupimie sukari kiasi gani?" Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Sikupata nafasi ya kuyatumia, kwa sababu hakuongeza neno. Alipima mpaka shingo ya chupa, akatia na nyongeza, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa safi. Ikabidi mimi ndiye niulize kwa nini asali yake huganda. "Asali ikikaa inalala, baba. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, itaamka. Nilikuambia siku ile ile. Ulikuwa unaandika."

Nalalamika rasmi kwamba mama huyu alikataa kunigombeza. Mtu aliyepigwa barua tatu ana wajibu wa kujibu walau moja. Badala yake kwenye nguzo nyuma yake amebandika kipande cha gazeti, na nilipovua miwani nikaona ni barua yangu ya kwanza. Nikamwuliza ya nini. Akasema watu huuliza kwa nini kahamia huku nyuma, naye hana muda wa kumweleza kila mmoja.

7. Kwa sababu hizo nadai mambo yafuatayo, na sitapunguza hata moja. Ukurasa wa kumi na moja urudishwe mikononi mwa wenye hoja. Shangazi wa Jikoni aeleze alipata wapi haki ya kuwa sahihi kwa mistari kumi na miwili, wakati mimi nimekosea kwa safu tatu nzima. Binti wa simu akatazwe kujua mambo wakati wa kazi. Mashine za keki ziwekewe onyo kwamba huweza kuvunja msimamo wa mtu mzima. Na nyuki waandikiwe barua rasmi wajieleze, maana ukweli wote walikuwa nao tangu mwanzo na wakaendelea na kazi zao kana kwamba hakuna mjadala.

Nakutakia afya njema na nafasi kubwa ya kuchapa. Nisalimie mpiga chapa, dereva anayesambaza magazeti, na yule binti wa simu. Shangazi wa Jikoni naye nisalimie, ila kwa ubaridi. Mke wangu anakusalimu, shemeji anakusalimu, na mwalimu wa chini anauliza kama una kikombe.

Wako asiyerudi nyuma,

Napinga

Tanbihi: Najua nafasi ni finyu. Ikikubidi kupunguza, kata kuanzia "Ndugu Mhariri" mpaka saini, uache mistari hii tu, nayo uiweke pale pale ilipokaa barua yangu ya kwanza, kwa herufi zenye ukubwa ule ule: Asali ya mama wa karibu na matangi ya maji ilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Aliyekosea ni Napinga. Wanunuzi wamrudie, na wakuu wa soko wamrudishie meza yake ya mlango mkuu.

Kikopo kilichofungwa pamoja na barua hii ni mbegu. Mpe Shangazi nusu, na usimalize yako, maana ukimaliza yote utaanza upya na kinu cha vitunguu.

Tafadhali usichelewe. Maneno hayo nilimwandikia mama yule kwa mkono wangu nikampelekea. Aliyasoma mara mbili, akayakunja, akanirudishia. Amesema atayabandika yatakapotoka gazetini, kwa sababu ile barua ya kwanza nayo ilitoka gazetini.